Nani Anaandika Bei? Mjadala wa Wasafiri wa Mbinga na Nyasa

Tulikuwa tumekwenda Dar es Salaam kumwoza kijana wa kwetu, na kabla ya kurudi wenyeji wetu wakatupeleka kuliona duka kubwa la vyakula kule Masaki, kwenye rasi ya Msasani, wanakonunua mabalozi, wafanyakazi wa mashirika na Watanzania wenye nafasi. Hakuna aliyetoka mle bila la kusema. Basi la Songea liliondoka alfajiri, na tulipofika Mikumi mabishano yalikuwa yameshapamba moto: duka la namna ile ni la kutamaniwa na watu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, au ni la kutazamwa na kuachwa huko huko liliko?

Wenzangu nimewaandika kwa kazi zao, maana waliyoyasema yanasemwa na wengi. Mzee Mkulima ana kahawa na mashamba ya ngoro milimani Litembo. Mama wa Usipa anauza usipa, dagaa wa ziwani kwetu, kule Liuli. Mwalimu anafundisha sekondari Mbinga mjini, na Mwenye Duka ana duka lake hapo hapo mjini, jirani na stendi. Maneno yangu nimeyatia katikati ya yao pale nilipoona hayazuiliki.

Mwalimu: Mniruhusu wazee wangu nianze. Watu wanasema duka lile ni la anasa. Mimi nilichokiona ni maelezo. Kila kitu kimeandikwa jina, uzito, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi, kilikotoka na bei. Matofaa ya Afrika Kusini yana kibandiko tunda kwa tunda. Mnunuzi hana haja ya kujuana na mtu ili auziwe kwa haki, wala hana haja ya kuuliza akaonekana mshamba. Heshima hiyo naitaka Mbinga, na naitaka mapema.

Mwenye Duka: Heshima hiyo ina gharama zake, kaka. Majokofu yanakoroma usiku kucha, kiyoyozi kinakula umeme hata duka likiwa tupu. Sisi Mbinga tulikuwa tunawashiwa majenereta ya dizeli mpaka gridi ya taifa ilipofika Ruvuma mwaka 2018, kwa njia ile ya Makambako hadi Songea. Mteja wangu anataka mafuta ya kupima, sukari robo na kiberiti kimoja. Akikosa hela leo, namwandika kwenye daftari. Nani Masaki atamwandika kwenye daftari?

Mwalimu: Kwani daftari na kibandiko cha bei vinagombana?

Mwenye Duka: Havigombani. Nasema tu kwamba wakubwa hao huja na kuondoka. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuwa ndiyo fahari ya Mlimani City, na mwaka 2014 ikayauza maduka yake kwa Nakumatt ya Kenya. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga milango Tanzania mwaka 2015. Nakumatt yenyewe ikaanguka miaka michache baadaye, wasambazaji wakabaki wanadai mabilioni ya shilingi za Kenya. Duka langu ni dogo, lakini bado lipo.

Mzee Mkulima: Lipo, mwanangu, na Mungu alilinde. Lakini nyinyi wawili mmezaliwa maduka yakiwa yamejaa. Mwaka 1976 ilikuja Operesheni Maduka: duka la mtu binafsi kijijini lifungwe, liwepo la kijiji. Mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Miaka ya mwanzo ya themanini nilikuwa na fedha ya kahawa mfukoni, na cha kuinunulia hakuna. Sabuni kwa foleni. Sukari kwa kujuana. Niliposimama pale mbele ya ukuta mzima wa sabuni, za mche, za unga, za maji, koo lilinikaba. Asije mtu akaniambia duka lililojaa ni anasa.

Mama wa Usipa: Sisi wa ziwani tulikuwa na mlango wa uani, kaka yangu. Nkhata Bay inatazamana na Mbamba Bay. Marehemu mama alikuwa anavuka na wavuvi, anarudi na sabuni na sukari za Malawi chini ya nyavu. Yalikuwa magendo, tusidanganyane. Lakini watoto tulioga.

Mzee Mkulima: Basi furaha yangu ya sabuni ilikwenda kufia kwenye shelfu ya kahawa. Nilivaa miwani, nikasoma pakiti moja baada ya nyingine mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama nimepotelewa na kitu. Za Italia zimeandikwa arabika, basi. Arabika ya wapi hazisemi. Za hapa nchini, mbili tatu nilizozishika zina picha ya mlima wenye theluji. Litembo tuna ukungu na baridi ya kuuma mifupa, theluji hatuna. Kahawa yangu inaweza kuwa imo mle, inaweza isiwemo. Sina pa kuijulia.

Alichofanya baada ya hapo nilikishuhudia mwenyewe. Aliishika pakiti ya robo kilo kiganjani, akaipima kwa mkono, akaanza kuhesabu kurudi nyuma. Kahawa ikikaangwa hupungua uzito, kama sehemu moja kati ya sita. Kabla ya hapo imekobolewa ngozi yake kiwandani, ikapungua tena. Kabla ya hapo ilikuwa tunda lenye ganda, nyama na utomvu. Akafika kwenye karibu kilo mbili za matunda mabivu, yaliyochumwa moja moja kwa sababu mkahawa hauivishi tawi zima kwa siku moja. Yakamenywa, yakalazwa, yakaoshwa, yakaanikwa siku baada ya siku, na kufunikwa kila wingu lilipotanda. Alinionyesha pakiti ile bila kusema neno, kisha akairudisha mahali pake, uso wake ukitazama mbele kama zilivyopangwa nyingine.

Kahawa ya Umatengo imepita mikono mingi. Miaka ya 1930 Wangoni na Wamatengo walikuwa na chama kikuu kimoja, NGOMAT: tumbaku ya Songea na kahawa ya milima ya Mbinga. Vyama vikavunjwa, sheria ya 1982 ikavirudisha, Mbinga ikawa na MBICU, na biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994 ushirika ule uliolemewa na madeni haukuhimili. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa ya wakulima ipite kwenye vyama vya msingi, AMCOS, ndipo iende mnadani. Kiwanda cha kukoboa kipo Mbinga mjini. Kituo cha utafiti wa kahawa, TaCRI, kipo Ugano. Elimu ya shamba ipo. Ngoro zenyewe, vile vishimo vya milimani vinavyoshika maji na udongo, zilikuwepo kabla ya mtaalamu yeyote kufika na daftari. Ila kwa miaka mingi nyundo ya mnada iligongwa Moshi, na sehemu kubwa mno ya kahawa ya Tanzania huondoka nchini ikiwa mbichi, gunia likiwa na daraja na namba ya shehena. Jina la kilima hubaki kilimani.

Mwalimu alidhani hilo ndilo linalomuuma Mzee. Sivyo.

Mzee Mkulima: Jina ni zuri, sikatai. Lakini kilichonichoma ni ile bei. Pakiti imekaa, haina wasiwasi, bei yake imebandikwa chini yake kwa tarakimu kubwa. Anayetaka anachukua, asiyetaka anapita. Mimi nikipeleka kahawa yangu chamani napewa stakabadhi ya kilo. Bei sijui. Naambiwa subiri mnada. Mnada unapita, naambiwa subiri makato. Hakuna kitu hata kimoja mle dukani, hata kibiriti, kilichouzwa kwa namna ninayouza mimi.

Mwenye Duka: Ndiyo maana watu wanakula magoma, Mzee.

Mzee Mkulima: Ndiyo maana. Januari mtoto anatakiwa shule, ndani mahindi yameisha, kahawa bado ni changa mitini. Anakuja mtu na noti mkononi: chukua hizi, mwezi wa saba utanipa magunia kadhaa. Bei anaitaja yeye, na anaitaja akijua jikoni kwangu kuna nini. Nikikubali nimeuza kahawa isiyokuwepo. Mvua ikiharibu, deni halikuharibika. Bei ya dunia ikipanda, imempandia yeye.

Sheria hazilitaki jambo hilo, viongozi wamelipigia kelele, na bado lipo, kwa jina hilo hilo la magoma kwetu na kwa jina la butura kule Kagera. Nami nasema wazi kwamba sioni vita ya kulimaliza isipokuwa ile inayompa mkulima fedha ya Januari kwa masharti anayoyasoma na kuyaelewa. Kumkamata mwenye noti bila kumpa mzazi ada ni kumwacha mzazi amtafute mwenye noti mwingine usiku.

Mama wa Usipa alikuwa ametulia muda mrefu. Tulikuwa tumepita Ruaha Mbuyuni, vitunguu vikiuzwa madirishani, alipogeuka kwenye kiti.

Mama wa Usipa: Mmezungumza kahawa, sasa nisikilizeni na mimi. Nilikwenda moja kwa moja kwenye samaki. Wamelazwa juu ya barafu iliyopondwa, hawanuki. Kuna samoni wa Norway, nyama yake ya rangi ya chungwa. Nikamwambia kijana wa pale, kwetu tuna mbasa. Anang'aa kama fedha, anapanda Mto Ruhuhu kwenda kutaga, na ukimpata mbichi hutaki mboga nyingine. Hajawahi kumsikia. Sawa, si kosa lake. Nikamwomba anipimie kipande kidogo cha samaki wa bei nafuu, nione tu anavyofanya. Alichukua karatasi, akaiweka mizanini peke yake, akabonyeza kitufe mpaka namba zikarudi sifuri, ndipo akaweka samaki. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, ili usilipie karatasi, mama.

Mwalimu: Hapo sasa!

Mama wa Usipa: Nisilipie karatasi! Na mizani yenyewe ina vioo viwili, kimoja kinamtazama yeye, kimoja kinanitazama mimi. Sasa njoo Liuli asubuhi, boti zimerudi na usipa. Mnunuzi anashuka na ndoo yake. Ndoo ni yake, mkono wa kujazia ni wake. Anarundika mpaka juu ya ukingo, anatikisa, anashindilia, anaongeza. Akifika Songea anauza kwa sado iliyosawazishwa, harundiki. Tofauti ya mrundiko na msawazo ndiyo ada ya watoto wake, na ndiyo ada ambayo wangu wanaikosa. Mimi kuuza Masaki sitamani. Natamani ile mizani.

Mwalimu: Mama, sheria unayo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340. Lumbesa, huko kujaza kupita kipimo, imekatazwa kwa hiyo, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo.

Mama wa Usipa: Mwanangu, sheria ninayo, mizani sina.

Mwenye Duka: Lakini tuseme kweli. Na mimi nauza dagaa kwa kikombe. Mteja ana shilingi mia tano, anataka mboga ya jioni. Nikimwambia tupime kwa gramu ataniona nimepandisha mabega.

Mwalimu: Mizani inapima gramu hamsini kama inavyopima kilo hamsini. Mwenye mia tano ndiye hasa anayestahili kujua amepata kiasi gani, maana hana ya kupoteza.

Hapo Mwenye Duka hakujibu, akatoa simu akawa anatafuta bei ya mizani.

Nieleze jambo ambalo Mwalimu alilifanya mle dukani, kwa sababu lilizua ubishi wa peke yake kati ya Iringa na Mafinga. Alikuwa anageuza vitu na kusoma tarakimu za mwanzo chini ya ile mistari ya bakodi. Kampuni inayosajili bakodi zake Tanzania hupewa namba zinazoanza na 620. Kenya ni 616. Afrika Kusini ni 600 na 601. Aliikuta 620 kwenye chai, kwenye unga, kwenye asali, na kila alipoiona alituita. Tarakimu hizo husema kampuni imesajiliwa wapi, hazisemi bidhaa ililimwa wapi, na Mwalimu mwenyewe analijua hilo. Lakini furaha yake ilikuwa ya haki. Kuna wakati bidhaa za Watanzania zilibeba namba za nchi jirani kwa kuwa yetu haikuwepo.

Mwalimu: Kwa hiyo Mama, usipa wako awe na 620. SIDO wapo Songea. Mjasiriamali mdogo akipata barua ya SIDO, TBS humpa alama ya ubora bila malipo kwa miaka mitatu ya kwanza. Mnakaa kikundi, mnafunga vizuri, mnaandika: Usipa wa Ziwa Nyasa, Liuli.

Mama wa Usipa: Na mchanga nitauandika wapi? Wengi wetu tunaanika ufukweni, chini. Duka lile haliwezi kupokea samaki mwenye mchanga, na halikosei. Chanja zinatakiwa, na chanja ni miti na nyavu na fundi. Mvua zikianza Novemba, hata chanja haikusaidii. Usipa analala na unyevu, anabadilika rangi, unauza kwa bei ya chakula cha kuku. Wewe unaanzia kwenye kibandiko. Mimi naanzia kwenye jua.

Mzee Mkulima: Dada umesema.

Na hapa nitoe langu, kwa kuwa niliombwa na Mwalimu na Mama wa Usipa niamue. Nalipenda duka lile. Nilifurahi kuona watu wa kwetu wakitembea kati ya vyakula vingi namna ile bila mtu kuwasukuma, na sitaki kusikia kwamba vitu vizuri ni vya watu wa pwani na wageni. Lakini tukiletewa Mbinga jengo lile lile, na vioo vyake na matofaa yake, huku usipa akiendelea kushindiliwa ndooni Liuli na kahawa ikiuzwa ikiwa changa Litembo, tutakuwa tumempa heshima mnunuzi na kumnyima muuzaji, na kwetu muuzaji ndiye sisi wengi. Mizani iliyohakikiwa, yenye vioo viwili, iwekwe kila mwalo, Lituhi, Liuli, Mbamba Bay, na isimamiwe na wavuvi na wauzaji wenyewe pamoja na halmashauri ya Nyasa. Chama cha msingi kibandike ukutani bei ya kila mnada na kila kato, kwa tarakimu kubwa kama zile za Masaki, ili mwenye miwani na asiye na miwani wasome. Hayo yanatangulia bakodi. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita kama 67, tayari tunayo, na mnunuzi mwenye ndoo yake ataitumia kwa wepesi ule ule kama mwenye mizani.

Mzee Mkulima: Nakuheshimu, ndugu mwandishi, lakini umeishia njiani. Bei ikibandikwa ukutani haiwi nzuri kwa kubandikwa. Bei ya arabika inatungwa New York. Februari 2025 ilivuka dola 4 kwa ratili, kabla ya hapo haikuwa imewahi kufika huko. Fikiria aliyekula magoma mwezi kama ule. Na fikiria mwaka itakapoporomoka: ukuta wenu utamwonyesha vizuri kabisa kwamba amepata hasara.

Ni kweli, na sina dawa ya New York. Nilimjibu kwamba mtu anayeiona bei ikishuka anaweza kuongeza maharage kwenye ngoro, kupunguza mbolea ya kukopa, kuhifadhi au kugoma kuuza. Asiyeiona hana la kuchagua. Mzee alisema kugoma kunataka tumbo lililoshiba. Hatukuelewana, na nadhani yeye ana haki zaidi kuliko nilivyokiri kwenye basi.

Tulipofika Makambako wengine walishuka kunywa chai. Mwenye Duka akabaki, akamhamia Mama wa Usipa kwenye kiti cha jirani.

Mwenye Duka: Mama, ukianika kwenye chanja, bila mchanga, ukafunga nusu kilo nusu kilo zilizopimwa, nitaziweka kaunta pale mbele. Tuanze na chache. Mali kauli.

Mama wa Usipa: Mali kauli ndiyo magoma yako wewe. Nusu unilipe siku unayochukua, nusu zikiisha.

Mwenye Duka: Na zisipoisha?

Mama wa Usipa: Unanirudishia pakiti, nakurudishia hela yako, ili mradi hukuzilaza kwenye unyevu.

Mwenye Duka: Haya. Bei?

Mama wa Usipa: Yangu naiandika mimi kwenye pakiti. Na wewe andika yako pembeni, mteja azione zote mbili.

Mwenye Duka: Zote mbili hapana, Mama. Yako niione mimi, yangu aione mteja.

Mzee Mkulima: Hapo hapo, mwanangu, usihame. Songea bado mbali, hilo ndilo tulibishanie.